Kadi Iliyoshindwa na Wimbo wa Mama

Siku hiyo Fleshi hakukaa kitako tangu alipoamka. Jina hilo walimpa wateja wa studio yake ya picha za pasipoti, kwa sababu aliwaambia wasipepese macho huku yeye akipepesa kuliko wote. Mchana kaka yake, dereva wa teksi, angekuja kumpeleka mama yao hospitali kupasuliwa koo. Daktari alisema uvimbe utatoka. Alipoulizwa habari ya sauti, alikuna kidevu tu.

Ndiyo maana Fleshi alitaka kumrekodi Mama akiimba kabla hajaondoka. Tena alitaka video kali, kila kunyanzi lionekane.

Kadi ya kamera ilikuwa imejaa, akakimbilia duka la simu. Muuzaji akamwekea mbili juu ya kioo.

"Hii ina mwendo ila nafasi ni ndogo. Hii nyingine ina nafasi tele."

"Mbona hii ya nafasi nayo imeandikwa mia hapa mbele? Si ndiyo mwendo huo?"

"Dada yangu, mimi nauza chaja. Ukiniuliza mambo ya kamera unanionea."

Fleshi akaishika hii, akaiweka, akaishika ile. Mama akianza hamalizi, akawaza. Akachukua yenye nafasi. Alishafika mlangoni, akarudi kuitazama ile nyingine, halafu akatoka mbio.

Nyumbani Mama alikuwa kakaa kitandani na gauni lake la kutokea, mkoba mapajani. Fleshi akafungua pazia, akalifunga, akalifungua nusu.

"Haya Mama, ule wimbo wako wa kukunjia nguo."

Mama, ambaye tangu usichana wake alifua na kupiga pasi nguo za watu, akakohoa, akaanza. Sauti ilikwaruza kidogo, lakini ni ileile iliyowalea. Kabla ubeti haujaisha, taa nyekundu ya kamera ikazimika.

"Subiri, Mama. Imesimama."

Mama akaanza upya. Kamera ikasimama tena.

"Kha! Imechoka kabla yangu?"

"Ni kadi, Mama. Kamera inamimina kwa ndoo, kadi inakunywa kwa kijiko."

Akaichomoa, akaisogeza dirishani. Ile mia iliyomdanganya ilikuwa mwendo wa kutoa picha kuzipeleka kwenye kompyuta. Mwendo wa kuandika ulikuwa pembeni, kinamba kidogo kama chawa: kumi. Kioo cha kamera kilikuwa kinadai thelathini. Miaka yote hiyo hakuwahi kukitazama kinamba hicho, kwani picha za pasipoti huja mojamoja, kadi yoyote huzimeza. Video haisubiri mtu.

Akaanza kuvaa viatu arudi dukani. Honi ikalia nje.

"Mnapamba bibi harusi humo ndani?" kaka yake akapaza sauti. "Foleni hainijui mimi!"

"Dakika moja, kaka!"

Njia ilibaki moja, kushusha ubora wa video ili kadi iweze kufuata. Kidole kiligoma. Fleshi alikuwa mtu wa kurudia picha ya mteja kwa ajili ya unywele mmoja uliofifia! Honi ikalia tena. Akashusha, akabonyeza.

"Mama, mara hii tu."

"Siimbi." Mama akasimama. "Koo limekauka. Imba, nyamaza, imba, nyamaza, mimi redio? Hata kukuzaa hukunisumbua hivi. Na hicho kiatu umevaa kimoja, kingine kiko wapi? Halafu zile shuka za mwalimu ziko kambani, mvua ikinyesha utamwambia nini? Na nywele hizo, mwanangu, utapigaje watu picha na kichwa kama kiota?"

Alisema akitoka chumbani, akasema ukumbini, akasema akishuka ngazi. Fleshi alimfuata na kamera. Uso ulionekana wa ukunguukungu, kunyanzi hata moja halikunaswa. Ila taa nyekundu iliwaka, wala haikuzimika.

"Unanifuatia nini na hilo dude? Zima."

"Sizimi, Mama. Endelea."

"Niendelee na nini?"

"Kunigombeza."

Mama akamkodolea macho, kisha akamtazama yule mwanawe mwingine kwenye usukani. "Unamsikia dada yako? Kapata wazimu." Akaingia garini, akaweka mkoba mapajani, akashusha kioo mpaka chini, akaendelea.