Nani Aliiendesha Mara ya Mwisho

Asubuhi hiyo kompyuta ya chuo cha udereva iliwaka, ikanguruma, ikaonyesha nembo ya kiwanda, kisha ikaganda kama mwanafunzi aliyeulizwa maana ya alama ya njia panda. Bi Vidole, mchapaji wa chuo, akaizima na kuiwasha tena. Nembo. Akasubiri mpaka chai ikapoa. Nembo.

Mkuu wa chuo akaingia, akaizunguka mikono nyuma, vile vile anavyokagua gari lililogongwa.

"Nani aliiendesha mara ya mwisho?"

"Mimi jana niliondoka saa tisa, Mkuu, nikaiacha nzima."

"Sikuuliza uliiachaje. Nimeuliza nani."

Bi Vidole akajua maji yamezidi unga. Chuoni hapo sheria ilikuwa ile ile ya barabarani: chombo kikiharibika, mkosaji ni dereva. Naye alikuwa na barua mbili za onyo tayari, na ya tatu ndiyo ya kwaheri. Zote mbili alizichapa mwenyewe, maana mchapaji alikuwa yeye peke yake. Mkuu alisoma, yeye akabonyeza. Ile ya pili alimsahihishia na tahajia, ndipo akaipokea kwa mikono miwili.

"Ya tatu ni leo," Mkuu akasema. "Ila kwanza mashine iwake."

"Ili niichape?"

"Kwani utaiandika kwa mkaa?"

Akaitwa Mwalimu wa Gia, bingwa wa kila kinachokataa kuwaka. Akaweka kiganja juu ya kasha, akafumba macho.

"Injini ina baridi hii. Iacheni ipashe moto."

Wakaiacha ipashe nusu saa. Nembo. Basi akageuza kauli, akasema imechemka, ifunguliwe boneti. Akafungua ubavu, akapuliza, akapiga chafya tatu za vumbi, akachungulia humo ndani akitafuta pa kutilia maji.

"Betri imekwisha," akatoa hukumu.

"Kaka, hii inakula umeme wa ukutani," Bi Vidole akamwambia.

"Umeona sasa? Ndiyo maana."

Mkuu akaona muda unakwenda bure. "Tuisukume kidogo."

Wakaisukuma. Watu wazima wawili, wenye leseni za malori, wakaishika kompyuta mbele na nyuma, wakaiburuta kutoka ukingo mmoja wa meza hadi wa pili, huku Mwalimu wa Gia akihimiza, "Haya washa dada, washa, isipoe!" Bi Vidole akawasha. Nembo.

Angeweza kunyamaza. Mashine ikifa, barua nayo imekufa. Lakini aliwajua hawa: wangeazima mashine ya jirani, na uzembe ungebaki kwa jina lake. Salama yake ilikuwa kuujua ugonjwa wenyewe.

Katika kusukumwa huko kasha lilikuwa limegeuka, mgongo ukamtazama yeye. Hapo kisogoni palikuwa pamechomekwa flashi yenye kamba nyekundu. Akaichomoa, akawasha. Nembo ikaja, ikapita, madirisha yakafunguka.

"Ilikuwa inaamkia kwenye hii," akasema, akiining'iniza hewani. "Ikatafuta njia humu ndani, ikapotea. Ya nani?"

Mwalimu wa Gia akaanza kukagua dari. Bi Vidole akaichomeka tena, akafungua. Hotuba ya Mkuu ya mahafali, matoleo kumi na moja. La mwisho lilihifadhiwa jana, saa kumi na mbili jioni.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mkuu alikohoa, akalegeza tai, akaikaza upya.

"Niko tayari, Mkuu," Bi Vidole akasema, vidole juu ya vitufe. "Nisomee."

"Yahusu: onyo la tatu. Uliiendesha kompyuta ya chuo kwa uzembe..."

"Samahani. Dereva wa mwisho niandike nani?"

Nje mwanafunzi alikuwa anarudi kinyumenyume, gari likilia.

"Futa," Mkuu akasema hatimaye. "Andika mashine imekaguliwa, iko salama barabarani."

"Iende kwa nani?"

"Kwa faili, mama. Kwa faili."

Akachapa mistari miwili safi, akatoa nakala. Chini yake akaweka nafasi mbili za saini: mkaguzi, na dereva. Ya mkaguzi akatia yeye. Kisha akamsogezea Mkuu kalamu.