Papa Siméon Anaaga Namba Yake

Katika ndoa yao ndefu, Mama Clémence hakupata kumwona mumewe akiondoka mahali bila kuaga. Papa Siméon alipostaafu kazi ya reli, aliaga meza moja baada ya nyingine, kisha karakana, kisha walinzi wa lango, akarudi nyumbani sauti imemkauka. Walipohama mtaa wa Lubuye kwenda mtaa wa Kataki, hapohapo Kalemie, alimketisha Clémence barazani kwa mwenye nyumba ili washukuru kwa miaka ya kukaa pamoja; mwenye nyumba huyo ndiye aliyekuwa amewafukuza. Clémence alikwisha kukubali kwamba aliolewa na mtu wa namna hiyo, kama wengine wanavyokubali kuolewa na mtu anayekoroma. Hakutazamia kwamba adabu hiyo ingekuja kumpotezea mtoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa Bibiane, binti yao wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi huko Uvira. Vita vilipofika mji huo, simu ya Bibiane ilinyamaza, na watu waliofika Kalemie kwa mashua walisema tu kwamba wengi wamevuka mpaka kuingia Burundi. Tumaini lililobaki lilikuwa namba ya simu ya Siméon, ambayo alimkaririsha binti yake tangu udogoni, sambamba na Baba Yetu, na kwa ukali zaidi. Hata kama angenyang'anywa kila kitu njiani, hiyo angebaki nayo kichwani. Kwa hiyo simu ya Siméon ililala mezani kama mgonjwa, na daima mmoja wao alikuwa kando yake.

Tatizo lilikuwa rezo, yaani mtandao wa simu. Tangu vita vianze, mnara wa kampuni yao ulikuwa ukikosa mafuta, na pale Kataki simu ilishika tu mtu akipanda juu ya ukuta wa choo. Siméon alipanda, akiwa amevaa koti. Ndipo kampuni nyingine ilipotangaza kwamba mteja anaweza kuhamia kwake na namba yake ileile.

Michel, wakala wa kampuni hiyo mpya, alikuwa na meza chini ya mwavuli karibu na bandari.

"Papa, sikia vizuri," alisema. "Ile abonema ya zamani, ile laini yako ya sasa, usiiguse. Usiende kwao, usiwaambie kitu. Sisi njo tutaivuta namba. Ikishafika kwetu, kule kutajifunga penyewe."

"Niondoke bila kusema?"

"Bila kusema, Papa."

"Kama mwizi."

"Kama mteja," Michel alisema.

Clémence alikuwapo, akasikia, akaamini kwamba mumewe naye amesikia. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake yeye katika mambo haya.

Asubuhi iliyofuata Siméon alivaa koti, akaenda ofisi ya kampuni ya zamani, akamshukuru Mama Godelieve wa dirisha la wateja kwa miaka yote waliyokwenda pamoja. Hakuna mteja aliyewahi kumshukuru Mama Godelieve kwa lolote. Mama huyo alisimama, akampa Siméon mkono, akamwuliza habari za mke, na kwa kutaka kumrahisishia mambo mtu mwema kiasi hicho, akamtolea karatasi ya kufunga abonema. Siméon alitia sahihi. Waliagana kwa masikitiko ya kweli pande zote mbili. Kabla hajafika nyumbani, simu ilikuwa imekufa.

"Namba iliyofungwa haihami," Michel aliwaambia. "Weye unajua reli, Papa. Behewa nitalivuta likiwa juu ya reli. Ukishalipeleka kwa wauza chuma chakavu, nivute nini?"

Mama Godelieve, alipoombwa airudishe, alitoa machozi lakini hakutoa namba. Ilikuwa imekwisha kurudi Kinshasa, katika fungu la namba zisizo na wenyewe, na ikitoka humo huuzwa kwa yeyote.

Hapo Clémence alisema maneno yote aliyokuwa ameyawekea akiba tangu harusi.

"Mutoto wako atapiga, na simu itamwambia nini? Papa yako alikwenda kuaga?"

"Nilidhani wangejisikia vibaya, Mama Bibiane."

"Nani? Kampuni? Kampuni iko na roho ya kujisikia?"

Siméon alivua koti, akalikunja vizuri. Clémence alipoona hivyo aliacha maneno, akamwekea mbele bukari, ugali wa kwao, na samaki mkubwa kuliko wake.

Siméon alinunua kwa Michel kadi mpya ya simu, yenye namba nyingine, na kila asubuhi akawa anaipigia namba yake ya zamani. Sauti ya kike ilimjulisha kwa Kifaransa kwamba namba hiyo haipo. Aliisikiliza mpaka mwisho, maana si vizuri kumkatiza mtu.

Kisha rezo ya kampuni mpya nayo ikakatika siku tatu, na asubuhi iliporudi, namba ikaita.

"Alo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, na nyuma yake makelele ya soko.

"Umeamkaje, Mama. Samahani kwa usumbufu. Naitwa Siméon, niko Kalemie. Unakaa katika namba yangu."

"Namba yako? Papa, mimi niliinunua hapa Moba, dukani, mchana kweupe! Naitwa Zabibu, nauza dagaa, uliza bandari nzima."

"Sikudai, Mama Zabibu. Nilitaka tu kuuliza, kama haikuchoshi..."

Clémence akampokonya simu. "Dada, kuna mutoto wa kike alipiga?"

Upande wa pili makelele ya soko yalipungua, kama vile mtu amejisogeza pembeni.

"Alipiga juzi," Zabibu alisema. "Alimtaka Papa. Nikamwambia hapa hakuna Papa, namba ni yangu. Akauliza, 'Na mwenyewe?' Nikasema mwenyewe hayuko tena. Njo vile walivyonieleza dukani, Dada, mwenyewe hayuko tena! Akalia. Halafu akanishukuru kwa kumpokea, akaniombea kwa Mungu, akaaga vizuri kabisa. Nikashangaa, muntu analia vile na bado anaaga."

"Huyo ni wetu," Clémence alisema.

"Astaghfirullah. Sasa mimi nilijua? Ngoja. Namba aliyopigia bado iko humu. Nitakusomea."

Namba hiyo ilikuwa ya mwanamume anayechaji simu za watu katika kambi ya wakimbizi nchini Burundi. Siméon alimsalimu kwa kirefu, akaomba kuongea na Bibiane, mwalimu wa kutoka Uvira.

"Yule aliyefiwa na baba?"

"Huyohuyo," Siméon alisema. "Tafadhali mwambie baba yake yuko kwenye simu."

Walisikia simu ikiwekwa juu ya mbao, kisha miguu ikikimbia, kisha sauti ya mwanamume huyo ikiita kwa mbali. Clémence alibana sikio lake upande wa pili wa simu hata mashavu yao yakagusana, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya mchana kwa muda mrefu.

Ikaja pumzi ya mtu.

"Papa?"

"Ni mimi, mama," Siméon alimwambia binti yake. "Umeamkaje?"

Bibiane hakuweza kueleza ameamkaje. Clémence alitaja jina lake, akalitaja tena, na huko mbali akaitikia kila mara.

"Papa, nimeshakulilia," hatimaye alisema. "Tulikukalia matanga. Watu wa hema za jirani waliniletea sukari."

Siméon alikunja uso. Clémence alimjua vya kutosha kuona kwamba anapima wajibu wake kwa watu wale.

"Basi irudishwe," alisema. "Si haki. Watu wenyewe wako kambini."

"Tumeshaitia kwenye chai, Papa. Yote."

Machozi yalikuwa yakimshuka Siméon, na hakuyafuta, kwa kuwa aliishika simu kwa mikono yote miwili.

"Ilikolea?" aliuliza.

"Ilikolea sana, Papa."