Kasida ya Harufu

Alasiri moja ya majira ya maua ya tulipani, Lebib Efendi alipiga magoti kwenye zulia la Nafiz Pasha, kule Uskudar, akaanza kughani kasida. Aliitunga kwa mtindo uliowalewesha wakubwa wa Istambul mwaka ule: rangi inasikika, sauti inaonjwa, na kila ubeti unafungwa kwa neno lilelile. Lebib alichagua "harufu". Haja yake aliiweka kwenye ubeti wa mwisho. Mdogo wake Durmush, mwoka mikate, alikuwa amefungwa chini ya sakafu ya ukumbi uleule kwa kusema sokoni kwamba unga wa Pasha una funza.

Beti za bustani zilipita salama. Ndege aliimba waridi, waridi likanukia kweli ukumbini, wageni wakatikisa vichwa. Kisha zikaja sifa.

"Uadilifu wako, Pasha, huangaza kwa harufu."

Kunukia kukawa kunuka. Ulikuwa uvundo wa usaha, kinyesi na unga uliooza, mzito hata ukaganda kwenye ulimi kama mafuta ya mzoga. Kadhi Tayyar, mmoja wa wageni, alitapika kwa adabu ndani ya kikombe chake cha kahawa, akakikabidhi kwa mtumishi.

"Endelea, bwana," alisema akijifuta ndevu. "Mizani imekaa."

Lebib akajaribu kuponyoka. "Ukarimu wako huimba kwa nuru..."

"Aa-aa! Harufu!" kadhi akamaka. "Wewe malenga au muuza mishumaa?"

Wakaangua kicheko, leso puani. Lebib akarudi kwenye harufu. Ukarimu ukanuka, huruma ikanuka zaidi, mapazia yakaanza kuchuruzika ute. Hakuna aliyeondoka; nani aondoke Pasha akisifiwa?

Akafika mwisho. "Mfungulie Durmush, nyumba yako ijae harufu."

Ukumbi ukanukia mkate wa moto.

"Lo! Umetutia njaa, mwanangu," alisema Pasha. "Leteni mkate!"

Ukaletwa, wa unga uleule. Waliwachokoa funza, wakawapanga ukingoni mwa sahani, wakala.

"Na mdogo wangu, Pasha wangu?"

"Yupi? Aa, yule. Akae hukohuko. Nikimtoa, ubeti wako utanukia nini?"

Kadhi, mdomo umejaa, akaomba ubeti urudiwe. Lebib akaurudia. Chini ya sakafu mtu alikohoa, na mkate ukazidi kunukia.