Bango la Mamba

Kazi yangu kwenye timu ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mikononi, ilikuwa kuinua mabango, na niliipenda kwa sababu haikuhitaji sauti.

Uwanjani kelele ni nyingi, kocha hawezi kuita akasikika. Kwa hiyo humtajia mtu wa mabango namba kwenye kisikilizi cha sikioni, mtu wa mabango huinua bango lenye namba hiyo, na wachezaji wote kumi na mmoja hutupa jicho pembeni mara moja wakajua la kufanya. Kila bango lina picha nne. Tatu ni za kuwazuga wapinzani. Moja, ile ya kona ambayo timu imeambiwa asubuhi, ndiyo yenye ujumbe. Mimi ndiye niliyezichora. Nilikuwa mwaka wa pili wa sanaa hapo Chuo cha Saint Amable, na Kocha Fontenot alikuwa amechoshwa na picha za kukatwa magazetini. Nikamchorea sufuria ya gumbo, mchuzi mzito wa kwetu Louisiana, maana yake kwotabeki abebe mpira mwenyewe na kupenya katikati, nyuma ya wale wanene wa mstari wa mbele. Nikamchorea mamba aliyeachama: wakimbiaji wote waende mbali, mpira urushwe juu.

Kwotabeki ndiye ambaye kila mpira huanzia mikononi mwake, na ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kulifuta bango akiona halifai. Anayeanza mechi ni mmoja tu. Wengine husimama pembeni na kofia vichwani. Kaka yangu Jourdan alikuwa amesimama pembeni na kofia miaka mitatu.

"Elo," aliniambia siku moja tukifua nguo kwenye mashine za bwenini, "nikikosa na mwaka huu, basi. Nitakuwa nimevaa jezi miaka minne bila kuichafua."

Alicheka alipolisema, lakini soksi aliyokuwa ameishika alikuwa ameikunja mara nne.

Aliyekuwa mbele yake alimaliza masomo mwaka uliopita, na sote nyumbani tulijua zamu imefika. Halafu Januari akaja Kolby Ransom kutoka Texas. Alihama chuo kikubwa ambako hawakumpa nafasi. Mkono wake ulikuwa wa kutisha. Akirusha mpira unausikia ukikata hewa, na anayeupokea hubaki akipuliza vidole. Ningependa kumchukia, ilishindikana. Siku yake ya kwanza alisimama mbele ya mabango yangu dakika nzima.

"Huyu mamba ana meno ya shangazi yangu kabisa," akasema. "Nani kachora?"

Nikajinyooshea kidole.

"Dada, wewe acha. Hiki ni kipaji."

Nikaona aibu, nikaenda kupanga chupa za maji ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Majira yale yote wawili hao walikimbizana kama panya na paka, ila hukujua nani panya. Leo Kolby juu, kesho Jourdan juu. Waliofaidi zaidi ni wale wanene wa mstari wa mbele, hasa Percy Sonnier, ambaye huinama na kumpa kwotabeki mpira kwa kuupitisha kati ya miguu yake. Tulimwita Friji, kwa umbo.

"We Jourdan," Friji alikuwa akisema, "mwenzio anarusha yadi sitini. Wewe unarusha nini, maombi?"

"Narusha hamsini, na zinamfikia mtu."

"Na wewe Kolby, ukija kusimama nyuma yangu pasha mikono moto kwanza. Jana umenigusa kama daktari!"

"Samahani, mgonjwa," Kolby akajibu, na wanene wote wakalala chini kwa kicheko.

Kocha alisema ataamua Jumamosi ya mechi ya Aprili, ile ambayo timu hujigawa na kucheza yenyewe kwa yenyewe, na baada yake watu hula kamba wa kinamasi mpaka midomo iwake.

Ijumaa mchana niliyatazama mabango yangu, na mvuke wa sufuria ya gumbo haukunipendeza. Ulikaa kama nywele. Nikaupaka upya, mweupe na wa kijivu, ukatoka vizuri mno. Kisha nikayapanga mabango kwa namba zake na kuyafunga kwenye mfuko. Mtu aliyezaliwa Louisiana anajua kwamba mwezi ule hata taulo halikauki. Mimi nimezaliwa Louisiana, na bado niliyafunga.

Jumamosi jua lilichoma na hewa ilikuwa nzito kama supu. Wazazi walijaa upande mmoja wa uwanja na miavuli yao. Kwa kawaida makwotabeki mazoezini huvaa jezi nyekundu na ni mwiko kuwagusa, lakini siku ile Kocha aliwavua. "Leo mnapigwa kama watu wengine," akawaambia. Wakapigwa kweli. Kolby alifunga mara tatu, Jourdan mara tatu. Kofia ya Kocha ilikuwa imeloa.

"Mpira uwekwe yadi mbili kutoka mstari wa goli," akasema. "Nafasi moja kila mmoja. Kolby anaanza."

Sikioni nikasikia: "Ishirini na mbili."

Ishirini na mbili ilikuwa sufuria. Nikatafuta namba migongoni mwa mabango, nikaiona, nikavuta, nikainua juu ya kichwa. Kolby akatazama. Akakunja uso, akatazama tena. Kisha akawageukia wenzake na kuwapanga.

Wakimbiaji walitawanyika kwenda nyuma kabisa, wakafika mwisho wa uwanja na kusimama, maana hapakuwa na pa kwenda. Mabeki walikuwa wanawasubiri palepale. Kolby akarudi hatua, akabanwa, akarusha. Beki mmoja akaudaka mpira, akaukumbatia kama mtoto.

Watu wakaguna. Kocha akavua kofia na kuitupa chini.

"Kolby! Yadi mbili, halafu unarusha mamba? Nani kakwambia mamba?"

Kolby alifungua mdomo, akatupa jicho upande wangu, akaufunga. "Samahani, Kocha," akasema tu.

Hapo ndipo niliposhusha bango, na kulihisi zito. Yalikuwa mawili. Rangi mbichi ya sufuria ilikuwa imenasa mgongoni mwa bango la mbele yake, na bango la mbele yake lilikuwa la mamba. Mimi nilisoma namba ya nyuma. Uwanja mzima uliona meno.

Jourdan alikuwa anafunga kamba za helmeti. Alikuwa na uso ambao sijauona tangu tukiwa wadogo, wa mtoto aliyesikia gari la baba likiingia. Kocha alikuwa amekaza macho upande wa wachezaji, hakuwa ameliona bango. Aliyeona ni Kolby, naye amenyamaza. Ningeyabandua mabango yale taratibu na kuyarudisha mfukoni, na kaka yangu angepata mechi zake.

Kutoka nilipo hadi kwa Kocha ni hatua kama ishirini. Nilizitembea nikiwa nimekumbatia mabango.

"Kocha," nikasema. Hakusikia. "Kocha!"

Akageuka.

"Ni mimi. Yameshikana. Nilipaka rangi jana, haikukauka. Wewe umesema sufuria, mimi nimeonyesha mamba. Si kosa lake."

Kocha aliyatazama mabango, akanitazama mimi. "Tangu Agosti nilidhani huongei, binti."

"Naongea, Kocha. Kidogo."

"Na unajua anayefuata ni kaka yako."

"Najua."

Alijikuna kidevu. Tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo wake, likasogea polepole mpaka upande wa pili.

"Basi mwonyeshe mamba."

"Nani?"

"Kaka yako. Mwenzake alipewa mamba, na yeye apewe mamba. Kisha Kolby atarudia na sufuria yake, ngoma droo. Ila hilo bango libebe mbele ya uso. Sura yako hiyo haiwezi kuficha hata zawadi ya kuzaliwa."

Nikarudi mahali pangu. Nikaliinua bango la mamba, nikaficha uso nyuma yake, na kuanzia hapo sikuona chochote isipokuwa mbao na kucha zangu. Nilisikia tu. Nilisikia Friji akipumua kama treni. Nilijua Jourdan analitazama bango. Nikafumba macho, kana kwamba angeweza kuniona kupitia mbao.

Kisha nikasikia kitu ambacho sikukitarajia. Alicheka.

"Hapana bwana!" akapiga kelele. "Bamia! Bamia! Bamia!"

Bamia ndilo lilikuwa neno la siku ile la kufuta bango na kupenya katikati. Papo hapo kukasikika kishindo kama makabati kumi yameangushwa ghorofani, na Friji akinguruma, na watu wa miavuli wakisimama wote kwa pamoja. Nilitupa bango chini. Palikuwa na rundo la watu, na chini kabisa ya rundo mkono mmoja umenyooka kuvuka mstari, umeshika mpira. Niliujua mkono ule.

Nilipiga yowe. Mtu wa maji aliyekuwa kando yangu aliruka.

Kolby naye alirudia, safari hii akaonyeshwa sufuria, akapenya na kufunga bila kuguswa, na nikampigia makofi mpaka viganja vikauma. Kocha aliokota kofia yake, akaelekea kwenye masufuria ya kamba.

Kolby alinikuta kwenye foleni ya kunawa mikono.

"Nimekuharibia," nikamwambia. "Nisamehe."

"Aa, dada. Nililiona, nikajua kabisa si lenyewe. Yadi mbili na mamba, wapi na wapi?" Alijipangusa mikono kwenye kaptula. "Ila kule nilikotoka, ukibadilisha alichosema mkubwa, unakaa benchi mwezi mzima. Nikaogopa. Kaka yako hakuogopa." Akanipisha kwenye bomba. "Na wewe hukuogopa."

"Niliogopa sana."

"Basi sisi wawili tunafanana, ila wewe ulienda."

Meza ndefu zilikuwa zimetandikwa magazeti. Kocha Fontenot alipanda juu ya benchi akiwa na aproni nyeupe mkononi. Kwetu jina la anayeanza halibandikwi ukutani. Wanene wa mstari wa mbele hula kwanza, na kwotabeki anayeanza ndiye huwahudumia mpaka washibe, kwa sababu msimu mzima watapigwa kwa ajili yake. Aproni ikitua kwako, kazi ni yako.

"Wote wawili wanajua kurusha," alisema. "Lakini Septemba mvua itanyesha, mabango yatashikana, na mimi mwenyewe nitakosea namba, maana nazeeka. Nataka mtu wa kunisahihisha. Kolby, mwanangu, bado una miaka miwili hapa chuoni, jifunze kunibishia."

"Sawa, Kocha," Kolby akajibu. "Hapana, Kocha! Sikubali!"

Watu wakaangua kicheko, na katikati ya kicheko hicho aproni ikaruka na kumfunika Jourdan uso.

Hakuitoa mara moja. Alisimama hivyo, kitambaa kichwani, mabega yanatikisika, na sikujua analia au anacheka mpaka Kolby alipomfunga kamba zake mgongoni na kumsukuma mbele. Alikuwa anafanya yote mawili.

"Mhudumu!" Friji alipiga meza kwa ngumi mbili. "Mhudumu, tunakufa njaa huku!"

"Dada yako naye akae huku," mnene mwingine akasema. "Kazimaliza hatua ishirini na hakuna aliyemkinga." Wakanisogezea nafasi katikati yao, nikakaa kama kitabu chembamba kwenye kabati la kamusi.

Jourdan akaja na sinia la kwanza, mvuke na pilipili vikimpiga machoni, vidole vinaungua. Akawamwagia kamba, akawamwagia mahindi. Akaja na la pili, na la tano. Aliponifikia aliinama sikioni kwangu.

"Ulijua lile bango ni baya?"

"Nilijua."

"Na ukaliinua tu?"

"Nikaliinua."

"Mshenzi wewe," akasema, na kunibusu utosini kwa midomo ya pilipili.

Wanene walikula saa nzima. Alipopata nafasi ya kula mwenyewe, kamba walikuwa wamekwisha, vimebaki viazi viwili na kitunguu. Alivila amesimama, aproni imelowa mchuzi mpaka magotini, na kila mtu aliyepita alimwita mhudumu, naye kila mara aliitika.