Kichwa cha Mama Perpétue

Mtu anayekuja kwetu kupimwa mawimbi ya ubongo akiwa usingizini huambiwa aoshe nywele na asipake mafuta. Hakuna aliyefikiria kumwambia asisuke. Na watu wetu ninawajua, hata kung'oa jino mtu anakwenda amejipamba. Basi Mama Perpétue alitoka mtaani kwake Fisksätra hadi maabara yetu ya Flemingsberg akiwa na mistari ya nywele minene, mipya, iliyokazwa hadi nyusi zimepanda. Nilipomwona nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Visahani vya kunasa mawimbi lazima viguse ngozi ya kichwa, tena mahali maalumu. Kwake kila mahali palikuwa na msuko.

Ilikuwa siku yetu ya mwisho ya kupima usingizi wa mchana wa watu wenye afya njema. Daktari Anton, msimamizi wangu, alikitazama kile kichwa akaguna. "Mshukuru, Mwatumu, arudi tu nyumbani," aliniambia kwa Kiswidi.

Hasira zangu ziko karibu. Lakini kabla sijafungua mdomo, Mama Perpétue, aliyeelewa kila neno, alinishika mkono.

"Mwanangu, tangu nifike huku, kila fasi banaandika: mkimbizi, vita, mawazo. Hata batoto yangu banafikiri kichwa yangu iliharibika Bukavu. Hii ni mara ya kwanza banatafuta batu bazima, na banakubali miye. Usinirudishe."

Nilimtafsiria Anton. Akauliza kufumua kunachukua muda gani. Nikamjibu inategemea mikono iko mingapi. Akavuta kiti, akakunja mikono ya shati.

Tukafumua, mimi kulia, yeye kushoto. Anton alifumua kama mtu anayefungua zawadi na hataki kuchana karatasi.

"Vuta tu, docteur," Mama Perpétue alimwambia. "Haivunjike."

Siku ile nilimpenda yule daktari, na sijawahi kumwambia.

Tulipomaliza nikabandika visahani, nikashusha mapazia, Mama akajilaza. Kwenye skrini mawimbi yalihangaika kwanza, kisha yakapungua kasi, yakapanuka. Alikuwa amelala fofofo.

Alipoamka hakuuliza habari ya nywele zake zilizosimama kila upande.

"Ya miye iko namna gani? Iko kama ya bazima?"

Nikaweka kwenye skrini usingizi wa watu sita, wake ukiwemo, bila majina. "Nionyeshe wako, Mama."

Alisogea karibu. Akapitisha kidole juu, akashuka, akarudia tena polepole, akitafuta mahali palipovunjika.

"Siuone," alisema mwishowe.

"Hata mimi siuoni. Ngoja nifungue namba ya kila mtu nikuonyeshe."

Akaushika mkono wangu kabla haujafika kwenye kitufe. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anatabasamu.

"Hapana, mwanangu. Niache humo humo."