Hema Bichi Halikunjwi

Kungekuwa na mashindano ya kutoguswa na kitu, kombe lingekaa kwetu mtaani Mowlem, Nairobi, juu ya friji, kando ya maua ya plastiki. Mimi, Tobias, mtoto wa Opicho wa mahema, hakuna jambo linaloniingia. Mama alipozikwa Novemba niliwapigia utani hata wachimba kaburi, na mmoja akacheka mpaka akaangusha jembe. Ukiniuliza kama nilihisi chochote, jibu ni hapana. Ni kama mguu uliokufa ganzi. Unauona ni wako, lakini ukiufinya ni kama umemfinya jirani.

Kwa hivyo Baba aliposema Marion atahamia kwa Kukhu, nyanya yetu Nakhumicha kule Bungoma, nilisema tu, "Sawa. Sasa nitapata kitanda."

Marion ni dadangu mdogo, na tangu azaliwe mimi hulala kwenye kochi. Shauri lilikatwa na shangazi zetu. Kila wikendi mimi na Baba tuko kwa watu, leo tunasimamisha hema la harusi, kesho la matanga, na jirani yetu Mama Eve alikuwa amechoka kumkuta Marion ameketi kwenye ngazi akingoja tumfungulie mlango. Shule ya kule ilikubali kumpokea Jumatatu, siku ya kufungua.

"Lakini haendi bila kuuona mji," Baba akasema. "Kule watamuuliza."

Kweli. Eti mtoto wa Nairobi, na mji wake unaishia soko la Muthurwa, ambako Mama alikuwa akimpeleka kununua viatu! Marion naye akaongeza ombi lake: alitaka kulala kwenye hema, angalau siku moja. Amelelewa kwenye nyumba ambayo ukifungua kabati unaangukiwa na turubai, na hajawahi kulala chini ya hema hata moja.

Basi Jumamosi tukajipakia kwenye pikapu, mvua ikatushika Jogoo Road na haikutuacha tena. Marion aliliona Bunge kupitia kioo kilichojaa mvuke. Alifuta kwa kiganja, akaona saa, akaona bendera imelowa na kujikunja kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Ghorofa la KICC tukapanda mpaka juu kabisa. Huko juu kulikuwa na ukungu na sisi.

"Mowlem iko wapi?" Marion akauliza.

Nikanyoosha kidole kwenye ule weupe. "Pale. Humwoni Mama Eve anaanua nguo?"

"Muongo!"

"Ni macho yako. Kula karoti ukifika Bungoma."

Akanipiga ngumi ya mbavu. Baba alikuwa amesimama ukingoni, anatazama upande ule ule niliouonyesha, kama mtu anayeona kitu.

Jioni tukafika Kimende, kwenye njia ya kwenda Bungoma, ambako rafiki ya Baba alituazima kipande cha malisho kando ya barabara. Wenzetu huenda kambi na vihema vya kukunja mfukoni. Sisi tulisimamisha hema la watu hamsini, jeupe, lenye marinda ya bluu, tukapanga chini yake viti vya plastiki, na pembeni yao magodoro. Hatukuwa na hema lingine. Kutoka barabarani, ungesema nini?

Mama mmoja aliyekuwa akipita na gunia la kabeji mgongoni akasimama. Akalitua. Akafunga kitambaa chake vizuri, akaingia, akatushika mikono mmoja mmoja.

"Poleni sana, watu wangu. Ni nani ametuacha?"

Nilikuwa na jibu tayari, tamu kabisa, lenye marehemu jogoo ndani yake. Baba akanitangulia.

"Mama yao," akasema.

Haukuwa uongo. Yule mama akavuta kiti, akaomba kwa Kikuyu, sala ndefu yenye vituo, Marion na Baba wameinamisha vichwa. Mimi niliangalia paa. Kando ya mlingoti wa kati kuna kiraka ambacho Mama alikishona kwa uzi mwekundu kwa sababu mweupe ulikuwa umeisha. Hema hilo ndilo lililobebwa kwenda Bungoma, watu wakaja kumlilia chini ya mshono wake mwenyewe. Nilikitazama kile kiraka, nikangoja. Hakuna kitu kilichokuja.

Yule mama akatuachia kabeji mbili, akaenda zake.

"Matanga bila maiti, na chakula kimeletwa," nikasema.

"Tobias," Baba akasema. Basi.

Jumapili tuliamka mvua bado inapiga. Baba akatoa kichwa nje, akakirudisha. Ana sheria moja ya kazi, na hajawahi kuivunja: hema bichi halikunjwi. Ukilikunja bichi linaota kuvu, na harufu ile haitoki, wafiwa watalia kwa sababu zisizohusika. Hata Novemba, watu wote walipoondoka makaburini, yeye alibaki na hema mpaka likauke.

"Likikauka kabla ya saa sita, tunaenda Bungoma," akasema. "Saa sita ikipita, hatutafika leo. Tutarudi Mowlem, nipigie shule simu, tuone hilo jambo upya."

Marion alikuwa amekalia begi lake.

"Omba jua," nikamwambia. "Kitanda changu kinaningoja."

Na jua likatoka! Lilijitokeza bila aibu, kama mgeni aliyenusa chapati. Paa likaanza kutoa mvuke. Baba akafungua boneti, akaingiza kichwa kwenye injini. Marion akaenda chooni, nyuma ya ua wa mwenye shamba. Mimi nikaligusa hema. Upande wa mashariki ulikuwa mkavu, umeanza hata kupata joto. Saa tatu ilikuwa haijafika.

Kulikuwa na pipa la maji ya mvua. Kulikuwa na jagi. Sijui nieleze vipi, lakini mkono ulichukua jagi, miguu ikapanda kiti, na maji yakaenda juu ya paa, pale penye kiraka, yakateremka mpaka kwenye marinda. Nikashuka, nikachota tena. Nikamwaga. Nikachota. Safari moja maji yalinirudia, yakaingia kwenye mkono wa sweta mpaka kwapani. Baridi. Niliisikia.

"Tobi."

Marion alikuwa amesimama nyuma ya kiti, amekunja mikono kama Mama.

"Kumbe mvua ni wewe?"

"Naosha," nikasema. "Kuna ndege amelichafua."

Akaangalia paa lililokuwa jeupe tupu. Akaangalia mbingu, ambako hakukuwa hata na kunguru. Kisha akaangalia uso wangu, akautazama muda mrefu, na mimi nikatafuta utani wa kumrushia, nikakuta nimebaki na jagi tu.

"Si ulisema unataka kitanda?" akasema.