Tochi ya Mwanangu Haifi

Jamani, kuna wivu wa kugombea mume, na kuna wivu wa kugombea mama. Huu wa pili huna hata wa kumsimulia, maana ukifungua mdomo tu unaambiwa mtu mzima hovyo. Fundi alikuwa nao, na ulikuwa umemkaa kooni hata chakula hakipiti vizuri.

Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu kibanda chake cha kutengeneza feni, redio na simu kilikuwa ubavuni mwa nyumba ya mama yake. Mtoto wa kike, lakini mkono wake kwenye nyaya hauna mpinzani. Yeye ndiye aliyempikia mama, akamwogesha, akampeleka hospitali na kumrudisha. Mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa nyumba ile, alikuwa ameondoka zamani kwenda kutafuta maisha, akamwachia mama tochi ya kuchaji. Basi! Tochi moja, na siku hizi hata simu hapigi.

Lakini ungemsikia huyo mama mbele ya wageni. "Mnaiona hii? Ya mwanangu. Miaka yote hii haifi. Mwanangu hanunui vitu vya ovyo." Fundi, aliyekuwa akiwaandalia wageni hao hao chai, alitua vikombe mezani kwa kishindo, akarudi zake jikoni.

Haifi! Ilishakufa, tena si mara moja. Ilipokufa mara ya kwanza, mama alilia kama aliyeletewa habari za msiba, akakataza mtu asiifungue. Fundi akaingiwa na huruma. Mama alipojilaza mchana, akaichukua, akatoa betri ya zamani, akaweka mpya, akairudisha chini ya mto. Mama kuamka na kuiwasha, ikawaka. "Imejirudi yenyewe!" akashangilia. Fundi akanyamaza, akidhani ametenda wema, kumbe anajipalia makaa. Tangu hapo alibadilisha swichi, akabadilisha balbu, akabadilisha waya wa kuchajia, vyote kwa siri, na kila alichotengeneza, sifa zilifunga safari kumfuata yule wa mbali.

Betri ilipokufa tena, akasema potelea mbali, leo naifungua mbele ya macho yake. Hakutaka zawadi. Alitaka mama aseme mara moja tu, "Ahsante, mwanangu," na huyo mwanangu awe yeye.

Akaingia chumbani na vifaa vyake, akaketi sakafuni karibu na kitanda, akachomeka chuma cha kulehemu kipate moto.

"Mama, tochi imekufa. Naifungua."

"Weee! Usiguse tochi ya mwanangu!"

"Na mimi ni nani, mama? Mtoto wa jirani?"

"We naye kwa maneno! Haya, fungua. Ukiiharibu utanitambua."

Akalegeza skrubu, akalitenganisha ganda. Betri ilikuwa imevimba, imetoa ukungu mweupe kwenye ncha zake. Akaiachanisha na nyaya, akaiweka pembeni, akachukua mpya. Alifanya taratibu makusudi, akieleza kila hatua kwa sauti kama mwalimu: waya mwekundu huku, mweusi kule, ukikosea umeunguza. Mama alimtazama bila kupepesa. Ananiona, Fundi akawaza. Leo mama ananiona.

Akafunga skrubu ya mwisho, akabonyeza. Tochi ikawaka mpaka ukutani.

Mama hakuutazama mwanga. Alikuwa ameinama kuokota ile betri ya zamani, akaipangusa kwa upindo wa nguo yake, akaiweka kifuani.

"Hii usiitupe," alisema, sauti imelainika. "Mwanangu alinunua kwa jasho lake. Nitakaa nayo mwenyewe."

Hapo Fundi akahisi damu inamchemka. Angeweza kunyamaza, alishazoea. Lakini wivu hauna adabu.

"Hiyo si yake, mama! Ya kwake niliitupa zamani. Hiyo unayoikumbatia niliiweka mimi, ulipokuwa umelala. Swichi mimi. Balbu mimi. Mwanao kabakiwa na ganda tu!"

Mama akaitazama betri, akamtazama binti yake, kisha akaitazama betri tena. Fundi alisubiri.

"Kumbe hii ni yako?"

"Yangu, mama."

"Basi katupe," mama akasema, akimrudishia. "Itanichafulia shuka."

Kisha akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipe hilo ganda."

Fundi akampa, likiwa linawaka.